Tupeane uzoefu: chanzo cha mchochota ndani ya jicho lako kilijulikanaje?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Jicho langu la kulia limenisumbua miaka mitatu. Linakuwa jekundu kuzunguka mboni, mwanga unachoma, naona ukungu. Mara mbili za kwanza nilipewa dawa ya macho mekundu ya kawaida. Mara ya tatu daktari akaniegemeza kidevu kwenye ile mashine yao, akapitisha mwanga mwembamba, akasema kwenye maji ya jicho kuna chembe zinaelea kama vumbi kwenye mwale wa jua. Aliponiwekea matone ya kutanua mboni, haikutanuka mviringo. Ilijikunja kama ua, maana kingo zake zilishaganda kwenye lenzi. Yuveitisi, yaani mchochota ndani ya jicho.

Kisha akaliacha jicho, akauliza mgongo. Asubuhi unaamka umekakamaa? Ukitembeatembea unapata nafuu? Maumivu hayo ninayo tangu ujana, nikilaumu godoro! Kipimo cha jeni ya HLA-B27 kikawa chanya, na picha ya maungio ya kiuno ikaonyesha baridi yabisi ya uti wa mgongo. Kipimo peke yake kisingetosha, kwani wengi wana jeni hiyo na hawaumwi chochote. Mgongo ndio uliosema.

Ninyi wenzangu ilikuwaje?

Mchangiaji wa 1
Pole sana mkuu. Kwangu ni binti, alikuwa na miaka minne, goti limevimba wiki kadhaa. Daktari wa viungo akatutuma kwa wa macho. Nikashangaa, mtoto macho meupe, hayamuumi, anacheza. Kumbe baridi yabisi ya watoto huingia jichoni kimyakimya. Chembe zilikutwa macho yote mawili. Sasa anapimwa kila baada ya miezi mitatu. Wazazi wenzangu, kama mtoto ana viungo vilivyovimba, msisubiri jicho liwe jekundu.

Mchangiaji wa 2
Hili sijawahi kumsimulia mtu. Macho yalififia ndani ya wiki mbili. Nilipoulizwa kuhusu mahusiano, nilidanganya. Bahati yangu daktari alisema kaswende huiga karibu kila aina ya mchochota wa jicho, kwa hiyo anaipima kwa kila mgonjwa wa yuveitisi, aseme asiseme. Ikatoka chanya. Nikachomwa penisilini ya mshipa siku 14, na mke wangu naye akatibiwa. Leo nasoma ujumbe wenu bila miwani. Ningepewa steroidi (dawa ya kutuliza mchochota) peke yake, ugonjwa ungeendelea kunila chini kwa chini.

Mleta mada
Ahsante kwa ujasiri huo, ndugu yangu. Ndiyo maana nawasihi, chupa ya steroidi iliyobaki msijiwekee wenyewe jicho likirudi. Kama ni maambukizi unayapa nafasi, na hata yasipokuwepo, dawa hiyo inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Mchangiaji wa 3
Mimi vipimo vyote vilirudi safi. Eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu na sarkoidosisi (ugonjwa wa vinundu vya mchochota, hasa mapafuni), kaswende, damu, hakuna kitu. Nililia kwenye korido. Daktari akaniambia wagonjwa wengi chanzo chao hakipatikani, na kwamba kujua nisichonacho ni nusu ya kazi. Nimekubali, lakini jicho limesharudia mara nne.

Mleta mada
Pole dada. Vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi huna? Mimi waliniuliza hivyo, na vya sehemu za siri pia, wakitafuta ugonjwa wa Behçet, ule wa mchochota wa mishipa ya damu.

Mchangiaji wa 3
Vya mdomoni ninavyo, karibu kila mwezi. Kwenye fomu niliweka "hapana" mfululizo ili nimalize. Niliona daktari wa macho mdomo haumhusu.

Mleta mada
Unamhusu kabisa! Vikitoka vipige picha, uandike na tarehe, uende navyo.

Mchangiaji wa 3
Kimoja kipo sasa hivi, chini ya ulimi. Nina miadi Alhamisi. Nitaleta mrejesho.