Mrejesho: matangazo na akili mnemba kwenye kundi letu la kisukari, Moshi

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri: kundi letu la WhatsApp la wagonjwa wa kisukari limejaa dawa za "kumaliza sukari kabisa" na maandishi ya akili mnemba.

Wauza dawa wamekwisha. Anayeomba kuingia namuuliza kwanza anatumia vidonge au sindano. Wengi hawajibu.

Akili mnemba ndiyo kazi. Juzi mama mmoja wa Majengo alibandika maelezo, Kiswahili kimenyooka kama taarifa ya habari, eti sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L) mtu achome insulini haraka. Kinyume kabisa, anatakiwa apewe kitu cha sukari! Nikafuta, nikampigia. "Mwanangu, mimi nilijua kimeandikwa na daktari." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Aliyenishauri mwezi uliopita niwafukuze wote wanaobandika maandishi ya akili mnemba, samahani, nimekataa. Sheria sasa: andika kilichokupata wewe; cha kunakili, sema umekitoa wapi. Mambo ya dozi anayapitia nesi mstaafu.

Kuna mzee siku hizi anatuma sauti tu, dakika nne, nusu nzima ni habari za mtori. Hizo sifuti.