Sanduku la askari wa Keya: koti la sufu, medali na kitabu cha malipo. Tuanze wapi?

Kabati_Kondele

Habari zenu. Chumba chetu kidogo cha kumbukumbu hapa Kisumu kimepokea sanduku la bati la askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndani mna koti zito la sufu lenye matundu, medali nne zenye tepe, mkanda wa ngozi wenye bizimu ya shaba, chupa ya maji ya enameli iliyovikwa sufu, kitabu cha malipo, barua saba na picha mbili. Familia inataka medali zing'ae siku ya ufunguzi. Fundi ametupa bei ya kabati la plaiwudi lenye kioo, ndani litandikwe sufu nyekundu. Dirisha la chumba linatazama magharibi. Tuna friza ya kawaida na bajeti ndogo. Tufanye nini kwanza, na nini tusiguse?

Sindano_na_Uzi

Msianze na kusafisha, anzeni na kutenga. Koti na chupa vitieni kwenye mifuko ya plastiki leo hii, kila kimoja wake. Kisha chunguzeni chini ya kola, kwapani na ndani ya mifuko ya koti. Mkiona vifuko vya nyuzi na chembe kama mchanga zenye rangi ileile ya koti, hao ni viwavi wa nondo wa nguo. Maganda madogo ya kahawia yenye vinyweleo ni ya mbawakawa wanaokula sufu. Wote dawa yao ni baridi.

Kunjeni koti kwa ulegevu, na kila mkunjo mjaze shuka ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Litieni kwenye mfuko wa polithini, toeni hewa, zibeni kwa selotepu, kisha mfuko wa pili juu yake. Friza iwe imeshafika nyuzi 18 chini ya sifuri kabla hamjaweka kitu, kwa sababu mdudu anayepoa polepole hujizoeza baridi na akapona. Wiki 2 kamili. Stima ikipotea na friza ikapata joto, hesabu inaanza upya. Mkilitoa, mfuko ubaki umefungwa saa 24 ili umande utande nje ya plastiki badala ya kulowesha sufu. Watu wengi huvumilia wiki zote mbili halafu wakaharibu kazi hapa kwa haraka ya kufungua.

Chupa isiingie friza. Enameli na chuma havisinyai sawasawa, kwa hiyo enameli hupasuka. Iacheni kwenye mfuko wake na muikague kila wiki.

Vumbi mfyonze kwa mashine iliyowekwa nguvu ya chini kabisa, kupitia kipande cha chandarua kisichotiwa dawa kilichotandazwa juu ya koti. Vaeni glavu za naitraili na barakoa. Baadhi ya nguo za jeshi za miaka ile zilipigwa DDT (dawa ya wadudu yenye sumu), na unga mweupe si lazima uwe ukungu. Msilifue kamwe: sufu ikilowa inakuwa nzito mno, na mishono ya zaidi ya miaka 80 haiwezi kuubeba uzito huo. Tena doa la jasho kwenye kola ni sehemu ya historia yenyewe.

Kulionyesha: hanga ya waya itakata mabega. Kama mishono ya mabega imelegea, lilazeni kwenye ubao ulioinama kidogo, uliotandikwa kitambaa cha marekani kilichochemshwa bila sabuni hadi wanga wote utoke. Likiwa imara, tengenezeni kiwiliwili kidogo kuliko koti, kisha mjaze nafasi kwa pamba ya polista. Kiwiliwili kinachobana hupasua mgongo.

Shaba_na_Chuma

Kuhusu medali, tafadhali msizing'arishe. Dawa ya kung'arisha shaba ina mchanga laini ndani yake, na kila mnaposugua mnaondoa chuma chenyewe. Uso wa Mfalme wa Uingereza ndio unaotangulia kufutika. Unga mweupe unaobaki kwenye maandishi huvuta unyevu na kuzaa kutu ya kijani.

Kuna jambo zito zaidi. Nyota za vita vya 1939–1945 na medali mbili za duara walizopewa askari wa Keya hazikuchongwa jina. Ziking'oka kwenye bahasha au sanduku lake, hakuna awezaye kuthibitisha zilikuwa za nani. Kwa hiyo hata kabla ya kutia koti na chupa kwenye mifuko, pigeni picha kila kimoja pale kilipokutwa sandukuni na mkipe namba: mwaka, namba ya sanduku, namba ya kitu, mfano 2025.4.1. Namba ya koti iandikwe kwenye utepe wa pamba na kushonewa kwa mishono miwili mitatu. Ya medali iandikwe kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi, si kwenye medali.

Mpangilio, kutoka kushoto kwa mtazamaji: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Burma, Medali ya Ulinzi, kisha Medali ya Vita. Utepe wa Burma una mstari mwekundu katikati na bluu pande zote mbili, kila bluu ikiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Utepe ukiwa umepauka, acheni hivyo. Mkishona mpya, wa zamani uwekwe na kuandikwa.

Uchafu wa kijani unaofanana na nta kando ya bizimu ni mafuta ya ngozi yaliyokutana na shaba. Uondoeni kwa kijiti cha mti, taratibu, bila maji. Mkanda usipakwe rangi ya viatu wala mafuta. Mafuta hulainisha ngozi kwa muda mfupi, kisha huganda na kuvuta vumbi na ukungu.

Na mkikuta risasi hata moja chini ya sanduku, msiisafishe, msiisogeze. Watu watoke chumbani, polisi waitwe.

Kabati_Kondele

Asanteni sana. Kabati je? Na naftalini tuweke?

Shaba_na_Chuma

Naftalini hapana. Mvuke wake unamdhuru anayeshinda humo chumbani, na hulainisha baadhi ya plastiki.

Plaiwudi hutoa mvuke wa asidi miezi na miaka, nayo sufu ya kutandika hutoa salfa inayoitia shaba weusi. Mwambieni fundi afanye fremu ya alumini au chuma kilichopakwa rangi ya unga inayookwa (powder coating), vioo pande zote. Silikoni ya kuzibia isiwe ile inayonuka siki, hiyo hutoa asidi; ombeni ya aina isiyo na asidi. Kama plaiwudi haikwepeki, funikeni ndani yote kwa karatasi ya alumini, juu yake marekani iliyochemshwa. Kabati likae wazi wiki 4 kabla ya kuingiza kitu.

Medali ziwe na kisanduku chao kilichozibwa, silika ya kufyonza unyevu ndani, uzito wake angalau sawa na medali zote, na unyevu ubaki chini ya asilimia 40. Nunueni ile ya chungwa inayogeuka kijani. Ikigeuka, ikausheni kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa chache. Kwa hewa ya ziwani, miezi ya mvua mtaifanya mara nyingi kuliko mnavyodhani. Koti, ngozi na karatasi visikae na silika hiyo, vitakauka na kukatika. Hivyo vinataka asilimia 45 hadi 55, na mkipita 65 tarajieni ukungu.

Nyaraka_Kakamega

Dirisha la magharibi lizibeni kabisa. Nguo, tepe na karatasi zinastahimili mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Hesabu ni rahisi, kwa kuwa madhara ya mwanga hujumlika: laksi 50 kwa saa 8 siku 300 ni sawa na laksi 200 kwa saa 8 siku 75, na jua la jioni hupita hapo mara nyingi sana. Tumieni taa za LED zilizo nje ya kabati, zizimwe pasipo mgeni.

Barua na picha onyesheni nakala. Skani barua kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, picha kwa 600, kisha asili zirudi kwenye bahasha zisizo na asidi. Msilaminishe, msibandike selotepu, andikeni kwa penseli pekee. Kitabu cha malipo kisifunguliwe hadi kikalala bapa. Kitengenezeeni kiti chenye umbo la V.

Kabla ya kuandika maelezo ya ukutani, someni kitabu hicho mpate batalioni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 na kufika Kalewa Desemba, lakini Brigedi za 22 na 28 za Afrika Mashariki nazo zilikuwa Burma, mahali pengine. Nyota ya Burma peke yake haisemi alikuwa wapi. Kisichoandikwa kwenye karatasi zake msikiandike ukutani.

Mwisho, hati ya makabidhiano. Iseme wazi kama ni zawadi au azimo, na azimo liwe na tarehe ya kuisha. Asisaini mtoto mmoja tu. Mjane kama yupo, wana na mabinti wote wasaini, maana mali ya marehemu huku kwetu ina wenyewe wengi, na sanduku linaweza kudaiwa miaka mingi baadaye na mjukuu ambaye hakuulizwa. Waulizeni pia kama kuna barua wasiyotaka isomwe na wageni.