Wanatuambia "bila viza", halafu wanatuacha mikononi mwa vishoka: mama yangu ameachwa na ndege kwa sababu ya sifuri moja

Wakuu, nawasalimu. Sina kawaida ya kufungua uzi, lakini hili nimelinyamazia wiki mbili na sasa nimeshindwa.

Mama yangu ana miaka 71. Dada yangu anaishi nje, kajifungua mtoto wake wa kwanza, na mama alikuwa anahesabu siku. Pasipoti zetu zinaturuhusu kuingia nchi ile bila viza kwa matembezi mafupi, ila lazima kwanza uombe kibali cha kusafiri mtandaoni. Nchi siitaji, maana habari ni ileile kwa nchi nyingi zenye utaratibu huu. Nikashika simu, nikatafuta, nikabonyeza tovuti ya juu kabisa. Rangi za bendera zipo, picha ya pasipoti ipo, neno "rasmi" lipo. Nikajaza ya kwangu na ya mama, nikalipa. Jioni zikaingia barua pepe mbili zenye namba za vibali. Nikazichapisha, nikazitia kwenye bahasha moja na tiketi.

Siku ya safari tukafika kaunta. Changu kinaonekana. Cha mama hakipo. Dada wa kaunta akaingiza tena, akamwita mkubwa wake, hakipo. Akaomba ile karatasi, akaisoma taratibu, kisha akaweka kidole juu ya namba. Pasipoti ya mama ina sifuri. Kibali kina herufi O.

Jina ni la mama. Tarehe ya kuzaliwa ni ya mama. Hela imelipwa. Lakini kwa mfumo, mama hana kibali kabisa, na shirika la ndege likimpakia abiria asiye na kibali linapigwa faini, kwa hiyo hakuna wa kumhurumia pale kaunta. Nikauliza kama kosa hilo linaweza kurekebishwa. Nikaambiwa barua pepe au anwani inarekebishika, namba ya pasipoti hairekebishiki: unaomba upya, unalipa upya, unasubiri upya. Jibu linaweza kuja kwa dakika kumi, linaweza kuja kwa siku tatu. Nikaomba palepale nimesimama, mikono inatetemeka. Mama kakaa juu ya sanduku lake, ananitazama. Akaniuliza, "Kwani mwanangu, nimekosa nini?" Ndege iliondoka saa nne asubuhi. Kibali kiliingia saa nane mchana.

Nilipotulia ndipo nikairudia ile tovuti na kuisoma yote. Mwisho kabisa wa ukurasa, kwa maandishi madogo ya kijivu, wameandika kuwa hawahusiani na serikali yoyote na kwamba wanatoza "ada ya huduma". Nilikuwa nimelipa karibu mara nne ya bei halali. Huduma yenyewe? Wamechukua nilichoandika wakakihamishia kwenye fomu ya serikali. Basi. Nilichoandika mimi ni sifuri, nina picha ya skrini. Hao wanaojiita wataalamu ndio waliogeuza sifuri ikawa O. Nimewaandikia, wamejibu kwamba mteja ndiye mwenye jukumu la kuhakiki taarifa zake. Nikaiandikia mamlaka ya nchi husika, nayo ikajibu kwa mistari miwili kwamba haihusiki na tovuti za watu binafsi na ada hairudishwi.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Haihusiki vipi? Nani alitulazimisha kuomba mtandaoni? Nani aliweka utaratibu ambao mlango wake pekee ni intaneti, kisha akauacha mlango huo umezungukwa na vishoka? Na wasiseme hawajui. Fomu ya ESTA, yaani kibali cha mtandaoni cha Marekani, yenyewe ina sehemu ya kueleza kama umejaziwa na mtu mwingine. Ulaya nako, kabla mfumo wao wa vibali, ETIAS, haujapokea hata ombi moja, Frontex, wakala wa mipaka wa Umoja wa Ulaya, ilishalazimika kutoa onyo kuhusu tovuti za kuiga. Wanawaona na wanawajua. Wanatutolea onyo sisi, vishoka wanaendelea kununua matangazo na kukaa juu ya tovuti ya serikali kila ukitafuta.

Tena vishoka hawa hawakuota wenyewe. Tovuti nyingine rasmi ukikaa dakika chache bila kugusa kitu inakutoa na kazi yote inapotea. Nyingine inataka upakue programu, upige picha ya uso, kisha uweke simu juu ya pasipoti isome chipu ndani. Mtu wa miaka 71 mwenye simu ya zamani atafanyaje? Lugha nayo si yake. Akiona tovuti inayopakia haraka, yenye lugha rahisi na namba ya kupiga, ataikimbilia. Mimi mwenyewe kijana nimeikimbilia.

Halafu tuzungumze hilo neno "bila viza". Desemba 2023 Kenya ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza. Watu wakashangilia. Kilichofuata ni eTA, yaani kibali cha mtandaoni, cha dola 30, na waliobanwa zaidi ni raia wa nchi ambazo zamani walikuwa wanaingia bila kulipa chochote. Baadaye, mwaka 2025, karibu nchi zote za Afrika zikaondolewa kwenye sharti hilo, na hapo nawapongeza. Lakini kama unajaza fomu, unalipa, unasubiri, unaweza kukataliwa, na hata ukikubaliwa ofisa wa uhamiaji bado anaweza kukurudisha ukifika, mimi naiita viza. Tofauti ni kwamba kwa viza kuna ubalozi na kuna dirisha la kuulizia.

Bei nazo hazishikiki. ESTA ilikuwa bure ilipoanza kuwa lazima Januari 2009. Mwaka 2010 ikawa dola 14, 2022 ikawa 21, na tarehe 30 Septemba 2025 ikapandishwa hadi dola 40. Uingereza walianza na pauni 10, Aprili 2025 wakapandisha hadi 16. ETIAS ilipangwa euro 7, ikatangazwa kuwa 20 kabla mfumo haujafunguliwa. Familia ya watu watano piga hesabu mwenyewe, halafu zidisha mara nne kwa yule aliyeangukia kwa vishoka. Kanada wanatoza dola zao 7 na kibali kinadumu hadi miaka mitano, kwa hiyo nafuu inawezekana kwa anayetaka. Na msisahau: pasipoti ikiisha muda, kibali nacho kimekufa, hata kama umekilipia juzi.

Australia ndiyo iliyotangulia na mambo haya, mwaka 1996. Siku zile wakala aliyekukatia tiketi ndiye aliyekuombea kibali kwenye kompyuta ileile, tiketi na kibali vinatoka pamoja. Sasa mimi najiuliza: leo, miaka yote hii baadaye, shirika la ndege lilikuwa na namba ya pasipoti ya mama tangu siku niliyokata tiketi, wiki tatu nzima. Mimi mwenyewe niliijaza, kwa sifuri yake. Kwa nini hakuna aliyeilinganisha na mfumo wa vibali ndani ya wiki tatu zile? Ujumbe mmoja tu, "abiria huyu hana kibali", ungetosha. Ningeomba upya nikiwa nyumbani na mama angempakata mjukuu wake siku aliyopangiwa. Wanasubiri mpaka mtu amefika na masanduku ndipo kompyuta inasema hapana.

Na hiyo sifuri na O: mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, ile yenye alama nyingi za mishale, imetengenezwa isomwe na mashine. Mashine inaweza kusoma. Tovuti ambayo bado inamwachia binadamu kuchapa namba kwa macho, kisha inamwadhibu kwa herufi moja na kukataa kuirekebisha, imetengenezwa na watu wasiojali.

Kwa wanaotaka kusafiri karibuni, kabla ya kuweka kadi ya benki angalia anwani ya tovuti juu, achana na rangi na nembo. Ya Marekani inaishia na .gov, ya Uingereza iko ndani ya gov.uk, ya Ulaya iko ndani ya europa.eu. Matokeo yenye neno "tangazo" pembeni yaruke. Kibali kikitoka, kisome namba kwa namba ukiwa na pasipoti mkononi, na usisome mwenyewe tu, mpe na mwingine asome.

Mama alisafiri siku sita baadaye kwa tiketi mpya. Mtoto alishapewa jina bila yeye kuwepo. Benki nimeiandikia nikipinga malipo yale, wanasema wanachunguza, na ile tovuti mpaka leo asubuhi iko juu kabisa ukitafuta.

Kama kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa hela na vishoka wa aina hii, aandike hapa alipitia njia gani na ilichukua muda gani. Na aliyewahi kuachwa na ndege kwa kosa la herufi naye aandike. Nataka kupeleka malalamiko haya kwa mamlaka za pande zote mbili, na nikienda na kisa kimoja watanijibu tena mistari miwili.