Naomba ushauri: uhakiki wa Cloverfield na nyongeza za DVD

Wakuu, habari zenu. Naandika uhakiki wa Cloverfield (2008) ya Matt Reeves, ile ya dubwana linaloivamia New York, yote tukiyaona kupitia kamera ya mkononi ya vijana waliokuwa kwenye sherehe ya kumuaga mwenzao. Filamu nimeipenda mno. Kinachonikwamisha ni nyongeza za DVD: vipande vinavyoonyesha dubwana lilivyotengenezwa kwa kompyuta vinavutia, ila vinaua ile hofu ya kutoliona vizuri. Nimejaribu kuvichanganya na uhakiki wenyewe, makala ikapoteza mwelekeo. Nikavitenga mwishoni, vikawa kama kiraka.

Je, nyongeza nizipe alama zake peke yake? Na ile miisho mbadala niieleze, au nitamharibia uhondo ambaye hajaitazama?