Tupeane uzoefu: mizunguko midogo iliyokutoa jasho ugenini

Wakuu wa Mwanza na kanda ya ziwa yote, mada za viza na nauli za ndege tumezichosha. Leo naomba yale madogo ambayo mtu akiwa kwao anayamaliza kabla ya chai ya saa nne: kusajili laini, kufungua akaunti, kupokea barua, kutupa taka. Mliotoka Mwanza mkaenda mbali karibuni. Na nyie mliotoka Kisumu, Kampala au Bukavu mkahamia kwetu karibuni pia, kuzungushwa hakuchagui pasipoti.

Naanza mimi. Nilisoma Ujerumani. Kule ukihamia nyumba unatakiwa uandikishe anwani ndani ya wiki 2, na uende na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Benki nyingi zinataka kwanza uthibitisho wa hiyo anwani. Mwenye nyumba naye anataka kuona akaunti ya benki ndipo akupe chumba. Mimi nilinusurika kwa kuwa kuna mtu alinipa chumba kwa kufahamiana.

Akaunti ikafunguliwa, nikaambiwa kadi inakuja kwa posta, na namba ya siri inakuja kwa barua nyingine siku nyingine. Kasheshe ikaanzia hapo. Maghorofa mengi ya kule vyumba havina namba. Mleta barua anasoma jina kwenye kisanduku pale chini mlangoni, na kisanduku chetu kilikuwa na jina la mwenyeji wangu peke yake. Kadi ikafika, ikarudi ilikotoka. Namba ya siri ikafika, nayo ikarudi. Nikaandika jina langu la ukoo la Kisukuma, refu mpaka likazidi kisanduku, nikalibandika kwa selotepu. Msimamizi wa jengo akalibandua. Halikufanana na vibandiko vya wengine! Ikabidi kiagizwe kibandiko rasmi, maandishi yaleyale, rangi ileile. Muda wote huo nina hela benki na natembea na za kukopa.

Sitaki hata kuanza habari ya Jumapili. Maduka yamefungwa kisheria, labda uende stesheni au kituo cha mafuta, na mimi nimekulia Nyakato ambako duka la Mangi unamgongea hata usiku.

Kontena la Pili:
Mkuu, wewe hela zilikuwa benki. Mimi Guangzhou zilikuwa mfukoni na nikalala njaa. Nilifuata mzigo wa vipuri. Muuza tambi kabandika karatasi yenye kile kimraba cha kuskani, kila mtu anapita na simu, mimi nanyoosha noti, ananionyesha droo: hana chenji. Programu yao ya malipo wakati ule ilitaka kadi ya benki ya kulekule. Kuanzia 2023 wamelegeza, unaweza kuunganisha kadi ya nje, kwa hiyo vijana wanaokwenda sasa hawatanielewa.
Halafu ukilala kwa rafiki badala ya hoteli, ndani ya saa 24 uwe umeripoti polisi na pasipoti. Hotelini wanakuandikisha wao. Kwa rafiki unajipeleka mwenyewe, umechoka, na begi mgongoni.

Jaluo wa Igoma:
Wadau hamjambo. Mimi wa Kisumu, niko Mwanza kikazi, kibali ninacho. Laini ndiyo iliyonifungulia macho. Pale stendi ya Buzuruga kijana wa mwavuli akaniambia niweke kidole, kisha nitaje namba ya NIDA. Namba yenyewe ina tarakimu 20, kitambulisho changu cha Kenya kina 8. Akaangalia simu, akaniangalia mimi, akasema, "Kaka, hapa hutoshi." Nikaenda duka lao la mjini na pasipoti, ikaisha. Hiyo ilikuwa nyepesi.

Kazi ilikuwa benki. Walitaka barua ya serikali ya mtaa. Nikaenda kwa mtendaji, akasema hanifahamu, nianze kwa mjumbe. Mjumbe wetu ni mama anayeuza dagaa Mwaloni, anarudi jioni. Nikamkuta anavua kandambili mlangoni.
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Wewe ndiye wa nyumba ya geti la bluu?"
"Ndiyo mama."
"Mwanangu, miezi yote hiyo hujaja hata kunisalimia, leo unataka nikuandikie kwamba nakujua?"
Akanikalisha. Akauliza kwetu wapi, nimeoa, nasali wapi, kodi nalipa kwa nani. Ndipo akachana ukurasa kwenye daftari la kaunta akaandika mistari mitatu. Kwa mtendaji nikaambiwa muhuri umefungiwa kwenye droo na mwenye ufunguo yuko kikao cha kata. Nikarudi, nikaupata. Benki dada akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akasema barua nzuri ila haina picha, na picha lazima muhuri uikanyage nusu.

Kinachoniuma ni kwamba wote walikuwa wapole. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeomba hata ya soda. Ukizungushwa na mkorofi utagombana naye roho itulie. Hawa utamgombeza nani?

Mwanzisha mada:
Pole sana mkuu. Hiyo ya muhuri kukanyaga picha hata sisi wazawa imetukuta.

Binti Sengerema:
Mimi Mganda, nimeolewa Sengerema. Karatasi zangu zote za uhamiaji ni Mwanza mjini. Zamani siku nzima iliishia kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, ukifika mjini dirisha linafungwa. Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nikashangilia na watoto. Kilomita 3 unakatiza kwa dakika chache. Sasa nawahi dirishani saa mbili asubuhi, na naambiwa nisubiri mwenye faili. Angalau kwenye kivuko nilikuwa nakula samaki wa kukaanga.

Mama Saluni:
Muscat kifupi: wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, maduka mengi yanafunga mchana yanafungua tena alasiri. Nilipoteza muda mwingi nikigonga milango iliyofungwa. Ila kuna ofisi moja nilihangaika na Kiarabu cha kubabaisha, yule mzee wa kaunta kanisikiliza mpaka mwisho ndipo akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja. Alikuwa anafaidi tu.

Mzee wa Capri Point:
Mnalalamikia kibandiko cha Ujerumani? Mnipe mimi hicho kisanduku, jina nitalichonga kwa mbao.

Mwanzisha mada:
Mzee wangu, utachonga na watakwambia mbao si rangi yake. Jaluo wa Igoma, akaunti ulifungua hatimaye au bado?

Jaluo wa Igoma:
Nimefungua, namshukuru Mungu. Jana wamenipigia kadi iko tayari tawini. Niende na barua ya mtaa. Ile ya kwanza wameshaipeleka makao makuu.