rsync inaruka folda za ndani ninapochuja picha

Wakuu, nataka kunakili picha za .jpg na .CR2 (picha ghafi za kamera za Canon) tu kwenda diski ya nje, na folda zake zibaki zilivyopangwa. Natumia rsync, programu ya kunakili faili:

rsync -av --include='*.jpg' --include='*.CR2' --exclude='*' ~/Kazi/ /media/diski/Kazi/

Zinaenda zile zilizo juu tu. Folda za 2023 na 2024 haziguswi. Nikitoa --exclude, video zote zinafuata.

Jibu la 1
Mkuu, rsync husoma kanuni kwa mpangilio ulioziandika, na ya kwanza inayolingana na jina la faili au folda ndiyo inayoamua. Ikifika kwenye folda "2023", hailingani na *.jpg wala *.CR2, inaangukia --exclude='*' na kuachwa. Folda ikishaachwa, rsync haiingii ndani, kwa hiyo picha zilizomo hazionwi kabisa. Ruhusu folda kwanza:

rsync -avm --include='*/' --include='*.[jJ][pP][gG]' --include='*.[cC][rR]2' --exclude='*' ~/Kazi/ /media/diski/Kazi/

Hiyo -m inazuia folda zisizo na picha zisiundwe tupu upande wa pili. Mabano ni kwa sababu rsync inatofautisha herufi kubwa na ndogo: kamera nyingi huandika .JPG, na *.jpg haiioni. Alama za nukuu usizitoe, la sivyo shell (programu inayopokea amri unazoandika) inaweza kuigeuza nyota kuwa majina ya faili kabla rsync haijaiona.

Jibu la 2
Ongeza -n kwanza, uone orodha bila kunakili chochote. Faili ikikosekana na hujui kwa nini, weka -nvv. Itakuonyesha ni kanuni gani iliyoificha.

Kama diski imepangwa kwa FAT32 (mfumo wa faili wa zamani, wa kawaida kwenye diski za nje), weka -rtvm badala ya -avm, maana haitunzi mmiliki wala ruhusa za faili, na -a itakupigia makosa. Ongeza pia --modify-window=1: FAT32 huandika saa kwa hatua za sekunde 2, na bila hiyo picha zilezile zinaweza kunakiliwa upya kila mara.

Muuliza swali
Folda zote zimeingia, shukrani. Nikiweka --delete, video zilizokwisha kuwa kwenye diski zitafutwa?

Jibu la 1
Hapana. Kilichoachwa na --exclude hulindwa pia upande wa pokezi. Zitafutwa picha tu ambazo hazipo tena kwenye chanzo. Inayofuta video ni --delete-excluded. Hiyo usiiweke kabla ya kuijaribu na -n.