Kwa nini chapa za kuchonga zilibeba siasa nchini Meksiko?

Swali: Wadau, kwa nini wasanii wa Meksiko walichagua chapa za linoleamu (picha zinazochapwa kwa kibao kilichochongwa cha linoleamu, ile malighafi laini ya kutandika sakafuni) kueneza siasa, ilhali nchi yao ilikwisha kusifika kwa michoro ya ukutani?

Jibu: Ndugu, ukuta hauhami. Karakana ya wasanii wa chapa iitwayo Taller de Gráfica Popular, iliyoanzishwa mwaka 1937 na Leopoldo Méndez na wenzake, ilipenda linoleamu kwa kuwa ni laini kuchonga, na kibao kimoja kikishapakwa wino hutoa mabango mengi ya kubandikwa mitaani.

Jibu: Tena wasiojua kusoma walielewa picha. Picha za mafuvu za José Guadalupe Posada, msanii wa chapa wa Meksiko aliyefariki mwaka 1913, yalikwisha kuwazoesha watu kuwacheka wakubwa.

Muulizaji: Ahsanteni. Na maandishi je, yalichongwa kinyume?

Jibu: Yakiwa kwenye kibao chenyewe, naam, kama yaonekanavyo kiooni, herufi moja ikikosewa, kibao kimeharibika.